Miaka Thelathini na Sita ya Kuokota Pole

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mtunza magazeti wa maktaba yetu atalitundika koti lake la kazi kwenye msumari kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita, miezi minne na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja amesisitiza mwenyewe zitajwe. Anasema alizifanyia kazi kama nyingine, kwa nini ziachwe nje?

Jina lake kamili mtalisikia Mkurugenzi atakapomkabidhi cheti. Hapa tumwite kama tunavyomwita siku zote, kuanzia kwa mlinzi wa getini hadi ghorofa ya juu: Mzee Gundi.

Kwa wale ambao hawajawahi kushuka huko, Chumba cha Magazeti kiko chini ya ngazi, mlango wa pili ukishapita choo. Kina madirisha mawili yaliyo juu kabisa, usawa wa barabara, kwa hiyo ukiinua macho huoni mawingu, unaona viatu vya wapita njia. Kina meza mbili, birika la umeme, na rafu za chuma zenye majalada elfu mbili na mia tisa ya magazeti na majarida ya zamani, mengine ya tangu wazazi wetu hawajajuana. Ukiingia unapiga chafya. Ukishazoea, unapiga chafya ukitoka.

Mzee Gundi aliingia chumba hicho kama kibarua wa wiki mbili, kubeba makreti. Mtunzaji wa wakati huo, ambaye wakubwa wetu wanamkumbuka kwa jina la Bwana Miwani, hakumuuliza cheti wala alikotoka. Alimtazama mikono akasema, "Kaoshe." Kijana akaosha. Akatazamwa tena. "Kaoshe." Akaosha. Mara ya tatu hakusubiri kuambiwa, alikwenda mwenyewe, na aliporudi akakuta kiti kimeshavutwa. Wiki mbili hizo bado hazijaisha.

Gundi anaipika mwenyewe, kwenye kisufuria ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa, na anaipaka kwa brashi ya kunyolea ndevu. Kurasa alizoziunga hazina idadi. Nyingine zimechanika vipande kama sahani iliyoanguka, na yeye huzipanga mezani, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, mpaka habari irudi kuwa habari. Mwaka fulani aliingia kwenye mkutano wa wafanyakazi bila kujua kwamba ukurasa mzima wa michezo umeganda kwenye kiwiko chake. Waliokaa nyuma yake wanasema ule ndio mkutano pekee waliowahi kuufuatilia mpaka mwisho.

Sheria zake ni tatu. Mikono safi. Kalamu ya wino isivuke mlango, penseli tu. Na tusiandike tusichokiona. Penseli yake inakaa sikioni. Siku moja aliitafuta asubuhi nzima, akatulaumu chumba kizima, na alikuwa na moja kila sikio.

Bomba la choo lilipopasuka, yeye na mlinzi walipandisha majalada mia mbili na kumi na mawili ngazini kwa mikono, maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Halikuloa hata moja. Mlinzi anasema yeye mwenyewe aliloa mpaka kitambulisho. Na wale wote waliokuja na nusu ya habari, "ni gazeti lililokuwa na picha ya daraja," au "ni mwaka ule wa mvua, upande wa kushoto," wengi wao waliondoka na walichokitafuta. Mzee mmoja alipata picha inayoonyesha kwamba kweli alichezea timu ya mpira, akapeleka nakala yake nyumbani kwa wajukuu waliokuwa wanamcheka.

Hayo ni ya saa za kazi. Sasa nieleze alichokuwa akikifanya saa ya chakula, maana wengi wetu tulidhani analala.

Niseme kwanza kwa nini nimeombwa mimi kuandika haya kwenye jarida letu. Ni kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja tangu nilipotoka likizo ya uzazi, akaniita Mama Kichanga, na jina limeshika. Shule yangu ni ya kidato cha nne na usingizi wangu ni wa vipande vipande, kwa hiyo mkikuta sentensi imelala, jueni mwenyewe ndiye aliyestahili kulala.

Mwaka wake wa nne kazini, alikuja mama mmoja mwenye kanga begani, akitafuta tangazo la kifo cha baba yake, la miaka kumi nyuma. Mzee Gundi alilipata. Gazeti lilikuwa limeandika jina la marehemu kimakosa, likampa jina la mtu mwingine aliyekuwa bado hai. Wakasonga mbele matoleo machache, wakakuta masahihisho, mistari mitatu, chini kabisa, karibu na tangazo la baiskeli. Gazeti lilisahihisha jina, kisha likamalizia kwa kuipa familia pole kwa usumbufu uliojitokeza.

Yule mama alisoma, akasoma tena, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka mapokezi: "Pole gani hii? Wakosee wao, halafu wanipe pole mimi? Wao samahani hawaijui?" Kisha akalia. Mzee Gundi wakati huo hakuwa mzee. Usiku huo, anasema, aligeukageuka kitandani mpaka mkewe akamwambia achague ubavu mmoja. Ni kweli, pole ni neno ambalo kila mtu analo mdomoni tangu asubuhi. Pole na kazi, pole na safari, pole na mafua. Lakini nani humpa nani, na kwa lipi? Na ikitolewa gazetini, huwa inamfika mtu?

Kesho yake akaanza kuzikusanya. Saa ya chakula alifungua jalada, akaanza ukurasa wa kwanza, na kila alipokuta neno pole limechapishwa, aliliandikia kadi. Kadi zenyewe hazikununuliwa. Alikata fomu za kuomba gazeti zilizokwisha kutumika, akaandika nyuma, upande mweupe. Kila kadi ina mistari minne. Wa kwanza ni gazeti, tarehe na ukurasa. Wa pili, nani kampa nani. Wa tatu, kwa lipi. Wa nne una neno moja na alama ya kuuliza: *Ilifika?* Kwa ajili ya mstari huo wa nne alikuwa anasonga mbele wiki nzima, wakati mwingine mwezi, kutazama kama aliyepewa pole aliwahi kujibu, kushukuru, au hata kununa. Nyingi hazikujibiwa. Hapo aliandika "haijulikani." Hakuwahi kuandika "haikufika." Gazeti, alisema, si lazima lijue kila kitu.

Jamani, zile kadi zinasomeka kuliko hadithi. Katika majalada ya zamani kabisa, pole inatoka kwa mtu mwenye jina kwenda kwa mtu mwenye jina. Mwalimu mmoja anampa pole aliyekaa naye dawati moja miaka ishirini nyuma, kwa kuibiwa baiskeli, na barua imekula nusu ukurasa, mpaka rangi ya tandiko imetajwa. Baadaye yakaja matangazo ya dawa. "Pole na mgongo!" na chini yake mchoro wa bwana aliyeshika kiuno. Mchoro ni huohuo mmoja kwa miaka tisa, wa mgongo, wa meno na wa tumbo. Wanachokihamisha ni mkono tu. Kurasa za michezo hazina huruma hata chembe: "Poleni, mtazoea." Kwenye jarida moja la akina mama kulikuwa na safu ya Shangazi, ambaye alianza majibu yake yote kwa namna moja, "Pole, mwanangu," na sentensi ya pili ikawa siku zote inaanza na "Lakini na wewe."

Halafu zikaongezeka pole za matangazo ya maji kukatika na umeme kuzimika. Wateja poleni kwa usumbufu. Hatajwi anayetoa, hatajwi anayepokea. Mzee Gundi aliziita pole yatima, na kadi zake alizikunja pembe. Kuhusu "polepole," kama gari polepole au mtoto kasoma polepole, alisema huyo ni jamaa mwingine kabisa, akamtengea kasha lake, ambalo kila mtu chumbani humo analiita la konokono.

Alikuja mtafiti wa chuo kikuu akaomba aazimwe masanduku. Alikataliwa kwa adabu na akaruhusiwa kusoma hapohapo. Alisoma wiki tatu, akaondoka na madaftari mawili na kikohozi, akasema hajawahi kuona kitu kama hicho mahali popote. Mkewe Mzee Gundi, ambaye tunamjua zaidi kwa sauti kwa kuwa hupiga simu ya mapokezi kuuliza kama mumewe bado yuko hai, ana maoni yake: "Anawaokotea watu pole za magazetini, mimi na mgongo wangu sijapata hata moja ya kusingiziwa." Dada wa mapokezi alimfikishia Mzee Gundi ujumbe huo neno kwa neno. Siku hiyo aliondoka saa kumi kamili.

Sasa nafika pale ambapo ningependa nipapite mbali, lakini sheria ya chumba ni tusiandike tusichokiona, na hiki nilikiona vizuri mno, maana nilikifanya mimi.

Kadi zilikuwa kwenye masanduku kumi na moja ya mbao, zimepangwa kwa miaka ya magazeti. Sanduku la sita lilikuwa na miaka sita, kadi elfu moja mia moja na arobaini. Agosti mwaka jana, Mzee Gundi alikwenda hospitali kupimwa macho, na mimi nikaachiwa kazi ya kupunguza karatasi. Kwenye mlango wetu kuna tangazo, liko mpaka leo: fomu za kuomba gazeti zilizozidi miaka saba zipelekwe kwenye mashine ya kukatakata. Mwanangu alikuwa anaota meno. Nilikuwa sijalala siku ya tatu, na habari za kadi nilikuwa bado sijaambiwa. Nikafungua sanduku, nikakuta fomu za kuomba gazeti, zimesimama safi, upande uliochapishwa umenielekea, za miaka ishirini na kitu. Nikasema moyoni, Mzee huyu naye, anatunza hata takataka. Nikazibeba.

Sikugeuza hata moja. Mchana mzima nilisimama mbele ya mashine nikizilisha moja moja kama namlisha mtoto, na nilipomaliza nikajisifu, maana ni kazi iliyomshinda kila mtu kabla yangu.

Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya rafu. Aliona sanduku liko tupu, akanitazama. Nikamwambia nilichofanya. Birika pale mezani likaanza kuvuma, likachemka, likajizima lenyewe, na yeye bado amesimama. Mimi nilikuwa nimeshapanga kichwani namna nitakavyomweleza mama yangu kwamba nimefukuzwa kazi.

Aliuliza, "Mtoto amelala jana?"

Nikasema hapana.

Akasema, "Pole." Kisha, kama hakuna kilichotokea, "Kaoshe mikono." Nilipotoka bombani nikakuta jalada la kwanza la ile miaka sita liko mezani, limefunguliwa ukurasa wa kwanza, na pembeni yake kuna rundo la fomu zilizokatwa na penseli mbili.

Sikupelekwa kwa Mkurugenzi. Ila nami nitasema neno langu, ambalo siku ile sikuthubutu. Masanduku kumi na moja ya maisha ya mtu, na hakuna hata moja lililokuwa na karatasi ya jina! Kosa lilikuwa langu, silikani. Lakini Mzee, sanduku lisiloandikwa ni kama dawa isiyoandikwa, ipo siku atapita mtu mwenye haraka. Wiki hiyohiyo niliyaandika yote kwa herufi kubwa, pande zote nne, na juu. Alinitazama nikiandika, akasema, "Na chini je?" Nikaandika na chini.

Miaka sita ya gazeti linalotoka siku sita kwa wiki ni karibu matoleo elfu moja na mia tisa. Tulianza wawili, nusu saa kabla ya kazi na saa nzima ya chakula. Tulikuwa tunakwenda kwa raha zetu mpaka Novemba, Mkurugenzi alipotangaza kwamba majalada yote yatachukuliwa kwenda ghala kuu ili kurasa zipigwe picha, na kwamba yakishafungwa hayatafunguliwa kwa miaka, labda mitano, labda kumi. Lori litakuja Jumatatu, tarehe 3 Julai. Yaani siku ya kwanza ya Mzee Gundi kuamka asiende kazini. Kama tusingemaliza kabla ya hapo, sanduku la sita lingebaki na pengo, na mwenye kulijaza angekuwa nyumbani kwake anatengeneza mlango wa kabati usiofunga, kama alivyomwahidi mkewe.

Nikahesabu. Kwa mwendo wetu, tungemaliza Juni, lakini ya mwaka unaofuata.

Nilipanda ngazi nikaenda kwa mlinzi, nikamweleza. Mlinzi akasema yeye atachukua kurasa za michezo, kwa sababu kuna mechi moja ambayo mpaka leo hajaikubali. Dada wa mapokezi akachukua Shangazi, na mara mbili wasomaji walikuja kulalamika kwamba kuna mtu anacheka chini ya sakafu. Dereva alichukua barua za wasomaji na akawa anazijibu kwa sauti: "Wewe naye, si ungemwambia mwenyewe?" Mkurugenzi alipita akajifanya hajaona. Alipita tena. Mwezi wa tatu, saa ya chakula, nilishuka nikamkuta amekaa kwenye kiti changu, mikono imeoshwa, penseli mkononi, anasoma matangazo ya kukatika kwa maji. Akasema bila kuinua kichwa kwamba haya ya ofisi anayafahamu, ameandika mengi.

Mimi nilichukua kurasa ambazo hakuna aliyezitaka, za akina mama na watoto, na zile barua ndogo ndogo za nyuma. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Mzee Gundi amelipokea kwa shida. Nilikuwa napata pole nyingi kupita kiasi. Mama anampa pole mama mwenzake asiyemjua, kwa mtoto asiyelala, kwa mashine ya kushonea iliyokufa, kwa mume aliyerudi na kwa mume asiyerudi. Na wanajibizana! Wiki mbili baadaye kuna jibu, "nimeiona pole yako, Mungu akubariki, mtoto sasa analala." Kadi baada ya kadi, mstari wa nne niliandika: *Ilifika.* *Ilifika.* *Ilifika.* Katika masanduku mengine yote neno hilo ni la kutafuta kwa tochi.

Nilimwonyesha. Akavaa miwani, akavua, akavaa. Kumbe zamani alikuwa anazipita kurasa hizo, akidhani ni mapishi na mishono tu. "Kwa hiyo," akasema, "miaka thelathini nilikuwa nasoma nusu gazeti." Alinuna mpaka saa nane. Saa nane na robo akaniuliza kama nafikiri na masanduku mengine yana upungufu huo. Nikamwambia ukweli. Akacheka mpaka akakohoa, akasema afadhali anastaafu.

Tarehe 14 mwezi huu tulifikia toleo la mwisho. Kadi elfu moja mia nne sitini na mbili. Zimezidi zile nilizoziua kwa mia tatu na ushee. Mlinzi alipiga makofi. Mzee Gundi hakupiga. Alisema bado moja, akashusha jalada ambalo tulikuwa tumeshalipitia, akafungua ukurasa wa saba, chini kabisa, karibu na tangazo la baiskeli.

Palikuwa na tundu. Tundu la mstatili, limekatwa kwa wembe, kingo zimenyooka kama za dirisha. Yale masahihisho ya mistari mitatu, ya jina la baba yake yule mama, hayapo.

Mimi nilikuwa nimeliona tundu lile nilipopita hapo, na nilikuwa nimemtukana kimoyomoyo mwizi wa kurasa. Tukaanza kumlaani pamoja, mlinzi na dereva na mimi. Mzee Gundi akaacha tumalize. Kisha akasema, "Nilikata mimi."

Yule mama alikuwa analia, akasema anataka kwenda nalo nyumbani kuwaonyesha ndugu zake kwamba jina la baba yao lilisahihishwa, hata kama ni kwa mistari mitatu na pole ya kiburi. Enzi hizo hatukuwa na mashine ya kutoa nakala. Na mtu huyuhuyu, anayeweza kukusema wiki nzima kwa kukunja pembe ya ukurasa, alitazama mlangoni, akachukua wembe, akakata, akampa. Kabla ya kumpa aliyanakili maneno yote nyuma ya fomu. Hiyo ndiyo ilikuwa kadi yake ya kwanza kabisa, na kwa kuwa gazeti lilikuwa la miaka ile, ilikaa sanduku la sita. Maneno yale yalibaki mahali pawili tu duniani: kwa yule mama, na kwenye kadi ambayo mimi niliilisha mashine.

Hapo ndipo nilipoelewa ule ukimya wa birika.

Nikamwambia, "Lakini Mzee unayakumbuka. Yaandike." Akatikisa kichwa. Tusiandike tusichokiona. Akachukua fomu, akaigeuza upande mweupe, akaandika gazeti, tarehe na ukurasa, kisha akaandika: *Umekatwa na mtunzaji.* Akaiweka mahali pake. Ndiyo kadi ya elfu moja mia nne sitini na tatu. Nilimwuliza kama naweza kuyaeleza haya kwenye jarida, akasema niyaeleze, Mkurugenzi hawezi kumfukuza mtu aliyebakiwa na siku kumi na sita.

Masanduku kumi na moja, na la konokono, hayaendi na lori. Mkurugenzi ameagiza yabaki chini ya ngazi, na funguo nimekabidhiwa mimi. Kazi ya kusoma ile nusu nyingine ya magazeti itasubiri majalada yarudi. Mwanangu atakuwa amejua kusoma. Ataoshwa mikono.

Basi, Mzee Gundi, sasa nazungumza na wewe. Kanuni zako nazijua: ya mdomoni haihesabiwi, mpaka ichapishwe, na mwenye kukosea asijifiche nyuma ya pole. Jarida hili limechapishwa, na nakala yake moja hukaa Chumba cha Magazeti. Kwa hiyo hapa, ukurasa wa tatu, mimi Mama Kichanga nakuomba samahani kwa kadi elfu moja mia moja na arobaini, na zaidi kwa ile moja. Hiyo ni yangu peke yangu. Halafu sisi, mlinzi, dada wa mapokezi, dereva, Mkurugenzi na mimi, tunakupa wewe, Mzee Gundi, na mkeo aliyekuwa akikusubiri kwenye simu, pole na kazi ya miaka thelathini na sita, miezi minne na siku kumi na moja. Si pole yatima. Ina wenyewe pande zote mbili.

Asante kwa kila ukurasa uliounganisha. Kapumzike, ulale mchana bila kusingiziwa, mlango wa kabati ufunge, mgongo wa Bibi upate pole yake kila asubuhi, na maisha yako huko yawe mema na marefu.

Kadi ya tangazo hili nimeshaiandika, kwa penseli, mikono nimeosha mara tatu. Iko juu ya meza yako. Mstari wa nne nimeuacha wazi. Penseli unayo sikioni.